Barua kwa madiwani wa Morogoro: kakaeni kwanza na watu wa mtoni

Wanangu madiwani wa Manispaa ya Morogoro,

Marahaba kwa ninyi nyote mnaonisalimia mkipita barazani kwangu. Nawaandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe, utunzaji wa kingo za mito yetu, si la kata moja, na miguu yangu haiwezi tena kuwafuata mmoja mmoja.

Nina jirani, mama mtu mzima, ambaye uwanja wake unaishia kwenye korongo la mto. Kwa miaka mingi ukingo ule ulishikwa na migomba yake na vichaka vya mianzi aliyoipanda marehemu mumewe. Siku moja walikuja watu wa idara fulani wakiwa na kopo la rangi nyekundu, wakachora X ukutani kwake na kuondoka. Hawakuketi, wala hawakumwambia ni lini wala kwa nini. Aliniita nikamsomee kama kuna maneno mengine. Hayakuwepo. Wiki ile ile akakata mianzi yote akaiuza, maana nani atatunza mahali anapojua atafukuzwa? Masika yaliyofuata ukingo ukamomonyoka, na choo chake kikaondoka na maji. Ile X ipo mpaka leo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ni sheria nzuri, naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini iliingia uwanjani kwa yule mama kwa njia ya kopo la rangi, ikamkuta akiwa ndiye mlinzi wa mto, ikamwachisha kazi.

Wazee wetu walikwisha kuyaona haya. Mkoloni Mwingereza aliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Nia ilikuwa kuokoa ardhi. Ila udongo wa Uluguru wenye rutuba ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaleta juu ule mfu wa chini, na mahindi hayastawi. Wakulima walilijua hilo, hakuna aliyewauliza. Mwaka 1955 watu wakakataa, kukawa na ghasia Matombo, mtu akapoteza maisha, na mpango ukafa. Baba yangu alinisimulia jioni nyingi, na kila mara alirudia neno moja: "Hawakuuliza."

Sasa ninyi mmechaguliwa na watu, na diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Itumieni kamati hiyo. Kabla ya kupeleka sheria ndogo barazani, kaeni mkutano wa mtaa kandokando ya mto wenyewe, asubuhi, kabla akina mama hawajaenda sokoni. Waulizeni wapande nini kishike ukingo na bado kiwape chakula. Waulizeni gari la taka linafika siku gani, maana pampasi zilizojaa mtoni zinatupwa na watu wasio na ghuba la taka karibu. Msiwatoze faini kabla ya kuwapa mahali pa kutupa.

Pandeni hadi mlimani pia, mkawasikilize wakulima. Wale akina mama wanaoshuka kutoka Choma na matenga ya mboga kichwani wanalima kwenye miteremko inayolisha mito yetu. Mvua kubwa ikinyesha mto unageuka rangi ya chai ya maziwa, na tope jingine la milimani linaishia Bwawa la Mindu, ambalo wengi wetu tunakunywa maji yake. Maji ya mto Ngerengere nayo huingia mto Ruvu, na Ruvu inanywesha Dar es Salaam. Mkulima mmoja akikubali kwa hiari yake kuacha majani na miti kwenye kingo za shamba, mmefanya kazi ya mikoa miwili. Na akikataa, msikilizeni sababu yake mpaka mwisho, hata kama kikao kitavuka adhuhuri.

Kwa jirani yangu naomba jambo dogo. Aje mmoja wenu, aketi naye, amweleze ile X maana yake nini. Kama nyumba lazima iondoke, aambiwe lini na ataelekea wapi. Kama haiondoki, ifutwe. Machipukizi ya mianzi ninayo huku kwangu, nimemwekea kwenye ndoo.

Mzee wenu,
Morogoro