Sanaa ya Urusi haiishii Moscow

Mhariri, salamu, na shikamoo kama umenizidi umri.

Wiki iliyopita mlitoa makala ya watu wanaotaka kutembelea Urusi, makala nzuri tu, ila mwandishi wenu aliposema ukishatoka Moscow na Petersburg huko mikoani hakuna cha maana cha kuangalia upande wa picha na sanaa, hapo nikaweka kikombe cha chai chini. Mimi nimesoma Saratov miaka sita. Na Saratov ni mkoani haswa, kutoka Moscow unapanda treni jioni unalala humo humo unaamka bado unaiona nyika tu dirishani.

Watu wakiisikia Saratov wanamkumbuka Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, alisoma ufundi pale halafu tarehe 12 Aprili 1961 akitoka zake angani akaja kutua maeneo yaleyale, ng'ambo ya mto Volga. Mimi nikiisikia nakumbuka jumba la makumbusho ya sanaa la Radishchev. Kiukweli mara ya kwanza niliingia kwa ajili ya baridi, Volga yote imeganda, basi halionekani, nikasema ngoja nijifiche humu nusu saa. Nilitoka wanafunga.

Sasa sikilizeni jina lenyewe lilivyofika pale. Alexander Radishchev mwaka 1790 alichapa kitabu cha safari ya kutoka Petersburg kwenda Moscow, humo ndani akaeleza bila kuficha jinsi wakulima walivyokuwa wanamilikiwa na kuuzwa na mabwana wa mashamba kama mifugo. Malkia Catherine wa Pili akakasirika, jamaa akahukumiwa kifo, baadae wakampunguzia ikawa miaka kumi uhamishoni Siberia. Huyo Radishchev alikuwa na mjukuu kwa upande wa binti yake, Alexey Bogolyubov, ofisa wa jeshi la majini aliyekuja kuwa mchoraji mkubwa wa bahari na meli, akaishi sana Paris, na aliwahi hadi kumfundisha kuchora mke wa mfalme Alexander wa Tatu. Mjukuu akaamua mali yake yote ya sanaa, picha na samani na vyombo na shaba, aipeleke Saratov kwa sababu babu yake alikulia mkoa ule, ila akaweka sharti, jumba liitwe kwa jina la babu. Yaani mtu aliyeponea chupuchupu kuuawa na ikulu jina lake liwekwe mlangoni mwa jengo la umma! Na likawekwa, 1885, wakati kitabu chenyewe bado hakijaruhusiwa kusomwa na kila mtu. Nadhani yale masomo ya kuchora pale ikulu yalisaidia kidogo, hayo ni mawazo yangu.

Na angalieni huo mwaka jamani. Tretyakov, yule tajiri mkusanyaji wa picha, alilikabidhi jumba lake kwa jiji la Moscow 1892. Makumbusho ya Urusi kule Petersburg yalifunguliwa 1898. Saratov walishatangulia. Najua kuna mtu atasema mbona mchoraji Aivazovsky alifungua la kwake mji wa Feodosia kule Crimea 1880, ni kweli, ila lile lilikuwa nyumbani kwake na mali yake mpaka anakufa ndo mji ukarithi. La Saratov lilianza likiwa la mji.

Ndani kuna nini? Kuna Warusi wengi tu, ila kilichonishangaza mimi ni Wafaransa. Bogolyubov alikuwa rafiki wa wachoraji wa Paris, kwa hiyo unakuta Corot na Daubigny wamekaa kwenye mji wa wafanyabiashara wa nafaka. Kuna Monticelli pia, rangi zimepakwa nene mpaka unatamani kuzigusa, na ukijaribu tu yule bibi anayekaa kwenye kiti kila chumba anakohoa. Kuna na vitu vya Turgenev, yule mwandishi, aliyefia Ufaransa 1883, navyo vilifika kupitia Bogolyubov huyohuyo.

Lakini hoja yangu sio Wafaransa. Hoja yangu ni watoto wa pale waliokuja kuwa wachoraji wakubwa. Siku jumba linafunguliwa Borisov-Musatov alikuwa kijana wa miaka kama 15, mtoto wa mfanyakazi wa reli, ana kibiongo kwa sababu alianguka akiwa mdogo. Pavel Kuznetsov alikuwa na miaka 6 au 7, baba yake anachora picha za watakatifu. Petrov-Vodkin rika lake, mtoto wa fundi viatu wa Khvalynsk, mji mdogo kwenye Volga hiyohiyo. Hawa hakuna aliyekuwa na nauli ya kwenda Paris kuangalia picha, Paris iliwafuata. Musatov hao kina Monticelli aliwaangalia hapohapo kwao. Bogolyubov alitaka na shule ya kuchora kando ya jumba, akaiachia pesa kwenye wosia, akafa 1896, shule ikafunguliwa 1897 hakuiona. Sio wote hao walisoma kwenye shule yake, wengine walipitia kwa walimu wengine wa mjini, ila picha za kuangalia zilikuwa zile.

Na mji haukuwaelewa hata kidogo. 1902 Kuznetsov, Petrov-Vodkin na mwenzao Utkin walipewa kazi ya kuchora ukuta wa kanisa moja pale Saratov, waumini wakaona haya ni mambo gani, kesi ikaenda mahakamani na michoro ikaharibiwa. Vijana hawakutulia, 1904 wakafanya maonyesho palepale wakayaita Waridi Jekundu, na 1907 Kuznetsov na wenzake wakaibuka Moscow na maonyesho ya Waridi la Buluu ambayo kila mwenye kufuatilia sanaa ya Urusi anayajua. Sasa mwandishi wenu akiwaona hawa Moscow anadhani ni wa Moscow! (Petrov-Vodkin mwaka huohuo wa 1907 alifika mpaka Algeria, akachora watu wa huko, hili nalo mngeliweka, wasomaji wetu wangelipenda.)

Kwa hiyo naomba makala ikirudiwa muongeze japo aya moja ya Saratov. Na mwambieni msafiri asiishie jengo kubwa, nyumba ya Musatov na ya Kuznetsov nazo ni makumbusho chini ya jumba hilohilo, na la Petrov-Vodkin liko Khvalynsk. Koti aache mapokezi hata kama anasikia baridi, mimi nilijaribu kupita nalo nikarudishwa mara mbili.

Msomaji wenu,
Morogoro