Wachungaji mtuhubirie na neema, sio bidii tu

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, hili jambo limenikaa kooni mda mrefu na nikilisema kanisani naambiwa nimepoa kiroho.

Mwaka ukianza tu unajua kinachofuata, mfungo wa siku 21, wengine 40, mikesha, malimbuko (sadaka ya pato la kwanza la mwaka), kupanda mbegu, yani kutoa hela ukitegemea Mungu akurudishie kwa muujiza. Mimi sina ugomvi na kufunga, Yesu mwenyewe alifunga na sisi nyumbani tumelelewa hivyo. Shida yangu ni maneno yanayokuja nyuma yake. Mtu kaombewa hajapona, anaambiwa hukufunga vya kutosha. Biashara imekufa, mbegu yako ilikuwa ndogo. Ndoa inawaka moto, umeacha kuamka saa tisa usiku kuomba. Yani kila kitu kinarudishwa kwako wewe, ongeza masaa, ongeza hela, ongeza bidii.

Nina jirani, mama mtu mzima, ana vidonda vya tumbo na dokta kamkataza kabisa kukaa na njaa, lakini yeye alifunga kavu, hata maji hanywi. Nimemkuta mchana kibarazani kajikunja kashika tumbo kwa mikono miwili, uji upo ndani kwenye chupa, binti yake kamwachia kabla ya kwenda kazini. Nikamwambia mama kunywa hata kikombe kimoja, akanijibu, "Mwanangu, nikinywa saa hizi Mungu ataona sijamaanisha." Sasa jamani huyo ni Mungu gani? Maana yule wa Waefeso 2:8-9 ninayemsoma mimi anasema tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, ni kipawa, wala si kwa matendo, mtu yeyote asije akajisifu.

Na hii habari sio mpya hata kidogo. Sisi Walutheri kila tarehe 31 Oktoba tunakumbuka Matengenezo ya Kanisa yaliyoanzishwa na Martin Luther kule Ujerumani, tunaimba vizuri, tunapiga picha, halafu tunasahau Luther alikuwa anakimbia nini. Aliingia utawa mwaka 1505, akafunga, akakesha, akaungama masaa kwa masaa mpaka mlezi wake Staupitz akachoka kumsikiliza, na amani hakuipata. Alikuja kuipata kwenye Warumi 1:17, mwenye haki ataishi kwa imani. Leo muumini wake wa Tanzania anarudishwa kule kule alikotoka yeye, tofauti ni kwamba sasa hivi kuna spika kubwa na namba ya kutuma sadaka kwa simu. Na Wakatoliki wasinicheke, maana tarehe 31 Oktoba 1999 pale Augsburg, Ujerumani, Kanisa lao na Shirikisho la Walutheri Duniani walisaini tamko moja kwamba Mungu anatupokea kwa neema tu na sio kwa stahili yetu yoyote. Huko juu wameshaelewana, huku chini ndo tunaanza upya.

Hata Uamsho wa wazee wetu, ile harakati ya Wakristo wa Afrika Mashariki ya kutubu na kuokoka, ulipita njia hiyo hiyo. Ulitokea Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukaingia Uganda, Kagera, Kenya, na ujumbe wake ulikuwa mwepesi, njoo ulivyo, damu ya Yesu inatosha. Watu walisimama mbele za wenzao wakatubu wizi, uzinzi, chuki, wakarudisha mali za watu, na hakuna aliyewashikia fimbo. Baadae kule Uganda wengine wakajitenga wakaanza kuongeza masharti, ikafika mahali hata mtu kukopa tu inahesabiwa bado amelala kiroho. Neema ikageuka sheria tena. Paulo aliwauliza Wagalatia swali hilo hilo (3:3), mlianza kwa Roho mnataka mmalizie kwa mwili, yani kwa nguvu zenu wenyewe?

Najua kuna atakayeniandikia kwamba ukihubiri neema sana watu wanalegea, na atanitolea Wafilipi 2:12, utimizeni wokovu wenu kwa kuogopa na kutetemeka. Sawa kaka, ila soma na mstari wa 13, usiishie njiani, Mungu ndiye anayetenda kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Mimi sijaona mtu aliyelegea kwa kujua anapendwa bure. Niliowaona wamelegea ni wale waliofukuzana na masharti mpaka pumzi ikawaishia, siku hizi jumapili wanashinda wamelala na ukiwauliza wanasema kanisa sio la watu kama sisi.

Kwahiyo ombi langu kwa wachungaji ni dogo. Mnapotangaza mfungo, tangazeni na kwamba mgonjwa ale na anywe dawa zake, na asiyeweza kufunga hajapungukiwa kitu mbele za Mungu. Tena mseme madhabahuni watu wote wasikie, msiwaachie viongozi wa maombi wajitungie. Na ile tabia ya mhazini kusimama kwenye matangazo na kusoma majina ya waliomaliza kulipa ahadi zao za sadaka na ambao bado, jamani iacheni, kuna wajane pale wanainamisha vichwa. Bandikeni ofisini namba za bahasha zetu za sadaka badala ya majina, anayetaka kujua anadaiwa kiasi gani ataenda kuangalia mwenyewe.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam