Barua kwa Mama Salma: ile sindano kavu

Tanga, Jumapili

Mpendwa Mama Salma,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mvua zimeanza na shemeji yako amerudi salama kutoka Pangani. Sauti yako ya juzi bado ninayo masikioni. Uliposema ukishona magauni mawili tu shingo inakaza na kichwa kinakugonga upande mmoja, nyuma ya jicho, nilijiona mwenyewe mwaka jana. Salio likaisha kabla sijamaliza kukueleza ile sindano kavu iliyonisaidia, ndiyo maana nakuandikia.

Jibonyeze begani, pale kati ya shingo na bega. Ukikuta kitu kigumu kama punje ya haragwe, na ukikibonyeza maumivu yanapanda hadi kwenye kipaji, basi hicho ndicho kilichonitesa. Msuli uliokaza hufanya fundo, na uchungu wake husikika mbali na fundo lenyewe. Nilimeza Panadol miezi mingi nikitibu kichwa, kumbe shida iko begani.

Sindano yenyewe isikutishe. Inaitwa kavu kwa sababu haina dawa, wala tundu la kupitishia dawa. Wewe unajua sindano ya cherehani namba 14: hii ni nyembamba kuliko hiyo mara tatu hivi. Mtaalamu wangu wa fiziotherapia, tiba ya misuli na viungo, alinisimulia kwamba Janet Travell, yule aliyekuwa daktari wa Rais Kennedy wa Marekani, alikuwa akiyachoma mafundo haya kwa dawa ya ganzi. Mwaka 1979 daktari wa Prague, Karel Lewit, akaandika kwamba hata sindano tupu inaleta nafuu, mradi iguse penyewe panapouma. Si ile tiba ya Wachina, ingawa sindano zinafanana. Wachina wana njia zao za mwilini wanazozifuata. Huyu mtaalamu wangu anautafuta msuli wenyewe kwa vidole.

Nililala kifudifudi. Akaubana msuli wa bega kwa vidole na kuuinua, ili sindano isielekee kwenye pafu, kisha akachoma. Ngozi haikuuma. Ila alipolipata fundo, msuli ulishtuka wenyewe, kama mshipi unapovutwa na samaki, na ukaja uchungu mzito ulionipanda mpaka kichwani. Nililia kidogo, sikufichi. Siku mbili bega liliuma kana kwamba nimetwanga mpunga wa kijiji kizima, na alama ya bluu ilibaki. Siku ya tatu mtu aliniita sokoni nikageuza shingo kumtazama. Shingo tu, Mama Salma, si mwili mzima.

Nafuu ilidumu wiki tatu, maumivu yakarudi, na kosa lilikuwa langu. Nilipewa mazoezi ya shingo na mabega nikayaacha, nikaendelea kusahihisha madaftari nimeinama. Safari ya pili nilichomwa na mazoezi nikayafanya kila asubuhi, nikainua na meza. Tangu hapo niko vizuri. Nawe kiti chako kile cha chini ukibadilishe hata kabla hujaja, maana hakuna sindano itakayoshindana nacho.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Wewe unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda tangu ulipopata donge mguuni. Mwambie mtaalamu kabla hajakugusa, na daktari wako umuulize kwanza, kwa sababu sindano hii inaweza kuvujisha damu ndani ya msuli. Usiache dawa kwa uamuzi wako ili uchomwe! Na usikubali mtu yeyote tu. Mimi mahali pa kwanza nilipokwenda, sindano ilitolewa kwenye kisahani badala ya pakiti iliyofungwa, niliaga nikaondoka. Sehemu za bega na kifua zinataka aliyesomea, kwani ni nadra lakini pafu huweza kutobolewa. Ukichomwa kisha kifua kikauma au pumzi zikakatika, ni hospitali saa hiyohiyo.

Shule zikifungwa njoo na Salma mkae hapa wiki moja. Huyu wangu anafanya kazi Jumatano na Ijumaa, nami nitakusindikiza nikae nawe humo ndani. Beba kadi yako ya kliniki na pakiti ya hiyo dawa. Nijulishe mapema nikuwekee nafasi.

Msalimie sana bibi yake Salma.

Rafiki yako,
Mama Juma