Kwa nini waya kwenye risiti yetu huzidi bei ya amplifaya

Malalamiko haya hatuyasikii kwa mara ya kwanza, ila safari hii yalitolewa mbele za watu. Kijana mwenye Toyota Altezza nyeusi alituletea sisi mafundi wa muziki wa magari amplifaya na sabufa alizonunua mwenyewe Kariakoo, akaomba tumfungie. Alipopewa hesabu akasema tumempiga: waya, fyuzi na ufundi vimepita bei ya amplifaya yenyewe, inawezekanaje? Alilipa, lakini aliondoka amenuna. Mteja akiondoka hivyo na sisi hatulali vizuri, kwa hiyo tunaiweka hesabu hapa wazi, aione yeye na waione wote wenye magari ya namna hiyo kabla hawajafika kwetu.

Kwanza gari. Altezza zilitengenezwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005, maana yake hata ile ya mwisho kabisa ina miaka ishirini hivi. Celica, Skyline na Impreza WRX za miaka hiyo ni wenzake. Ni magari yaliyotengenezwa yakimbie. Kwenye muziki kiwanda hakikuhangaika sana: redio ya kawaida, spika za karatasi milangoni, na waya uliopimwa kwa ajili ya redio hiyo tu. Gari likishafika Dar linapita mikono mingi, na kila mwenye nalo alibadilisha redio. Tukifungua dashibodi tunakuta historia yote: plagi ya kiwanda imekatwa, waya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa seloteepu nyeusi iliyoyeyuka kwa joto, kipande kimoja cha waya kina rangi tatu. Hapo hatujagusa amplifaya bado, na saa zinakwenda.

Sasa ile amplifaya. Boksi limeandikwa wati 3000. Usisome boksi, angalia fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa amplifaya yenyewe. Yake ilikuwa na fyuzi moja ya ampea 30. Injini ikiwa inawaka, umeme wa gari unakuwa volti 14 hivi. Zidisha 30 kwa 14 unapata wati 420, na hizo ni zinazoingia. Zinazotoka kwenda kwenye spika ni pungufu, kwa sababu amplifaya za mtindo wa zamani, zile za daraja AB, hupoteza karibu nusu ya umeme kama joto. Wati 3000 za kweli zingetaka zaidi ya ampea 200, wakati oltaneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, kwa magari madogo ya miaka hiyo nyingi ni za ampea kati ya 70 na 100, na humo humo kuna taa, feni na kiyoyozi. Tulimweleza hivyo kwa nia njema. Wati 200 halisi kwenye sabufa ya inchi 12 zinatosha kabisa kutikisa vioo vya Altezza, na amplifaya yake inaziweza. Inachotaka ni umeme uifikie.

Umeme huo unatoka kwenye betri, mbele kabisa, na amplifaya iko kwenye buti. Ukipita kwenye kona zote ni mita tano au zaidi. Seti ya waya aliyokuja nayo ilikuwa nene kwa macho, lakini mpira ndio ulikuwa mnene. Ndani nyuzi chache, tena za alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini ya namna hiyo inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule. Kujua ni rahisi: chukua kisu, kwangua uzi mmoja. Shaba inabaki nyekundu hadi ndani, hiyo nyingine inatokeza weupe. Na huku kwetu pwani, kwenye hewa ya chumvi, ncha za alumini zinaota ukungu mweupe, maungio yanalegea, yanapata moto. Amplifaya kubwa kwenye waya wa hivyo ni sawa na kunywa uji mzito kwa mrija wa soda. Besi ikigonga, volti zinashuka, amplifaya inakata mawimbi ya sauti, spika inaungua, na mteja anarudi dukani kulalamika kwamba spika ni feki. Ukipiga singeli, ambapo besi zinafuatana bila kupumua, utaliona tatizo hilo ndani ya wimbo mmoja.

Ndiyo maana tunatumia waya wa shaba tupu, geji 4, hata pale ambapo mwembamba kidogo ungetosha. Mteja akirudi mwakani na amplifaya ya pili, waya ni uleule, hatufumui kapeti tena.

Kuhusu fyuzi ya mbele hatujadiliani. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya inailinda amplifaya. Tunayoweka sisi, ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, inaulinda waya wenyewe. Bila fyuzi hiyo, waya ukichubuka popote ukagusa bodi, betri inamwaga mamia ya ampea hapo hapo, na hakuna cha kuizuia. Tuliletewa Celica ikiwa imekokotwa. Aliyeifunga alitoboa bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva, akapitisha waya bila mpira wa kuukinga. Gari likitetemeka bati linakata, likitetemeka linakata, mpaka siku moja hapa Dar, pale Morocco, kwenye foleni moshi ukatoka chini ya dashibodi. Dereva aliwahi kufungua bonneti na kung'oa kichwa cha betri. Kapeti liliungua, waya za kiwanda zilizopita jirani ziliyeyuka pamoja, na kuzirudisha moja moja kulimgharimu mara nyingi ya alichookoa kwenye fyuzi na kipande cha mpira. Mteja anayetuambia "fundi, hiyo fyuzi acha tu, nitaweka baadaye" hatumfungii. Tumepoteza kazi kwa sababu hiyo na tutaendelea kuzipoteza.

Ethi nayo, yaani waya unaourudisha umeme kwenye bodi ya gari. Wengi hufunga waya wa ethi kwenye bolti yoyote iliyo karibu, juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Matokeo yake ni ule mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia. Kaka mmoja mwenye WRX alikuwa ameshauziwa vichujio vya kelele na redio mpya kwa ajili ya mluzi huo. Sisi tulipiga msasa sehemu ya bodi mpaka bati likang'aa, tukafunga kichwa cha waya kwa bolti na nati yake, tukapaka grisi juu ili kutu isirudi, kisha tukahamisha waya wa mawimbi, ule wa RCA, ukapita upande wa abiria wakati wa umeme unapita upande wa dereva. Mluzi ukaisha. Na kila kazi tunaipima kwa mita muziki ukiwa unapiga: kati ya kichwa hasi cha betri na ethi ya amplifaya tukisoma zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti, tunafumua na kufunga upya. Kipimo hicho hakionekani kwenye risiti, lakini ni sehemu ya bei.

Njia ya mkato inayoturudishia magari mengi kuliko zote ni kuchukua moto, yaani umeme, wa amplifaya kwenye waya wa redio. Siku ya kwanza inalia. Wiki mbili baadaye fyuzi inakatika, mtu anaweka kubwa zaidi, nayo ikikatika anaizungushia karatasi ya fedha ya sigara. Kuanzia hapo kinachoweza kuungua ni waya wa kiwanda, ndani kabisa ya dashibodi. Kwenye Toyota za rika hilo redio inakuja na plagi mbili, ya pini 10 na ya pini 6, na kuna plagi ya kati inayochomekwa bila kukata chochote. Bei yake ni ndogo. Fundi anayekata anaongeza hatari nyingine: kwa Toyota ethi ni waya wa kahawia na moto wa kudumu ni wa buluu wenye mstari wa njano, wakati redio za dukani ethi yake ni nyeusi na moto wa kudumu ni njano. Anayeunga kwa kukisia rangi, bila testa, ndiye anayeua redio mpya ndani ya sekunde.

Milango ndiyo watu wanaisahau kabisa. Nyuma ya paneli ya mlango kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Kazi yake ni kuyaelekeza maji yanayopita kwenye kioo yashuke ndani ya mlango na kutoka kwa matundu ya chini. Fundi mwenye haraka anaichana ili afikie spika, halafu anafunika. Masika yakija, maji yanaingia ndani. Dada mmoja alibadilisha mipira ya vioo vyote vya Altezza yake kwa sababu kapeti lilikuwa linanuka, na mipira haikuwa na kosa lolote. Nailoni ilikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Sisi tunaibandua polepole na kuirudisha kwa gundi mpya. Pia spika nyingi za kiwanda za Toyota zimeumbwa pamoja na fremu yake ya plastiki, hivyo spika ya kawaida ya inchi 6.5 inahitaji ringi ya kuikalia. Bila ringi inapwaya, hewa ya mbele na ya nyuma inachanganyika, na besi ya mlangoni inapotea. Bati la mlango tunalibandika butili, mpira laini wa kunata wenye foili, ile ya magari, ili lisitetemeke. Utepe wa kuzibia mabati ya nyumba ni rahisi zaidi, lakini ni wa lami: gari likilala juani unanuka, unalainika na kuteleza hadi kwenye mashine ya kioo. Tumezisafisha mashine hizo kwa mafuta ya taa, kazi ya kuchosha kuliko kufunga mfumo mzima.

Redio ya Kijapani iliyokuja na gari tunaulizwa sana. Masafa yake ya FM ni megahezi 76 hadi 90, yetu yanafika 108, kwa hiyo stesheni nyingi haizioni. Kile kifaa cha kuhamisha masafa kinasaidia kusikia habari, basi. Ukitaka muziki wa maana badilisha redio.

Bei zetu, basi. Kifaa chako mwenyewe lete, tutafunga bila kinyongo. Waya wa umeme, fyuzi ya mbele na ethi tunaweka vya kwetu, na kazi hiyo tunaisimamia: ikileta shida rudi, hatukutozi. Maungio yetu yanapigwa lehemu au kubanwa kwa koleo lake. Gari linalala kwetu angalau usiku mmoja, kwa sababu asubuhi tunapima kama kuna kitu kilichobaki kinakula betri, jambo ambalo redio za Android za bei ya chini hulifanya sana.

Kama mfuko hauruhusu vyote kwa pamoja, tuambie mapema. Tunaanza na waya na milango, ukiwa na spika mbili nzuri za mbele. Taarabu utaisikia kanuni na fidla kila moja mahali pake. Sabufa itafuata ukijipanga, na njia yake itakuwa tayari. Kuleta gari piga simu siku moja kabla, liwe na mafuta ya kutosha kuwasha injini wakati wa kupima, na uje na redio ya zamani hata kama imekufa, kwa sababu vile vibati vyake vya pembeni ndivyo vinavyoikalisha redio mpya sawasawa kwenye dashibodi.