Barua kwa vijana wanaotafuta chumba Dar es Salaam

Wanangu mnaoanza kazi mjini,

Marahaba. Nawaandikia nikiwa na hasira, na hasira yenyewe imetokana na mapenzi. Juzi nimesaidia kutoa nje godoro lililolowa la kijana wa jirani yangu. Kaajiriwa mwaka huu, ofisi yake ipo Posta. Mwezi Februari dalali alimpeleka kuona nyumba, Jumamosi mchana, jua kali: chumba masta na sebule, vigae chini, rangi mbichi inanukia. Akalipa siku ileile kodi ya miezi sita, na ya mwezi mmoja juu yake ya dalali. Masika yameanza, maji yamemfika magotini. Nilikwangua ile rangi kwa ukucha, nikakuta mstari wa tope la zamani umenyooka kutoka mlangoni hadi dirishani. Mwenye nyumba alijua. Dalali alijua. Hata mama muuza chapati wa pale nje alijua, na angemwambia bure kama angeulizwa.

Mbona hamuulizi, wanangu? Mto Msimbazi haukuanza kufurika leo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na waliokuwa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mvua ikizidi, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa palepale imeingiliwa na maji. Haya yote mmeyaona kwenye simu zenu, halafu mnakwenda kupanga bondeni kwa sababu ya vigae!

Kabla hujatoa shilingi, rudi pale bila dalali. Nenda mvua ikinyesha. Nenda usiku saa tano, usikie muziki wa baa unaishia wapi, na uone kama njia ya kutoka kituoni ina taa, hasa wewe binti yangu. Nenda kituoni Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, uone watu wanavyogombea daladala. Wapangaji wa ndani ndio wa kuwauliza: maji ya DAWASA yanatoka siku gani, ya kisima yana chumvi, LUKU ni ya kila mtu au mnachangia mita moja? Penye mita moja hapakosi ugomvi.

Jina la mtaa nalo linawaponza. Mtu anataka aseme anaishi Mikocheni, mshahara wote unaishia kwenye kodi, tarehe kumi anakopa nauli. Kama kazi yako ipo Posta au Kariakoo, chumba cha kawaida Kimara, unapofika kituo cha mwendokasi kwa miguu, kitakufaa kuliko jumba la Goba ndani ndani. Wa Kigamboni piga hesabu ya kivuko, au ya tozo ya daraja kama una gari. Mkataba uandikwe. Risiti itunzwe. Mjumbe akujue kwa jina.

Lakini lawama si zenu peke yenu. Tunawalipa vijana kwa mwezi, halafu sisi wenye nyumba tunawadai kodi ya miezi sita, wengine ya mwaka mzima. Kijana anaingia kwenye mikopo ya simu kabla hajanunua hata kitanda. Nyumba ikijaa maji hawezi kuhama, maana fedha zake zimekwisha kuliwa. Huu ni uonevu, na tunaoufanya ni watu wazima tunaokwenda msikitini na kanisani.

Ombeni kulipa miezi mitatu. Wapo wanaokubali, hasa chumba kikiwa kimekaa wazi muda mrefu. Akikataa, endelea kukaa kwa shangazi, changia unga na umeme, utafute taratibu mpaka masika yapite na kila nyumba ionyeshe maji yalifika wapi. Na siku ya kwenda kuona, kama huna mtu mzima wa kuongozana naye, niambieni. Nitakuja.

Mzee wenu,
Ubungo