Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mitaa ya Mabanda Ipewe Hesabu Yake

Mheshimiwa Waziri,

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya Kenya (KDHS) wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 41 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2014 walikuwa 52. Ni hatua kubwa, nami naifurahia. Lakini utafiti huo ulipangwa kaunti kwa kaunti, kwa hiyo Runda ya matajiri na Korogocho ya mabanda zote ni Nairobi tu.

Tunajua wastani wa aina hiyo unaficha nini. Mwaka 2000 watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, waliihesabu mitaa ya mabanda ya Nairobi peke yake. Wakati jiji zima lilikuwa na vifo takriban 62 kwa kila watoto 1,000, na mashambani 113, mabandani vilikuwa 151. Mtoto aliyezaliwa safari ya matatu tu kutoka hospitali kuu ya rufaa alikuwa hatarini kuliko mwenzake wa kijijini!

Kuanzia 2002, Korogocho na Viwandani, mtaa mwingine wa mabanda, zikawa zinafuatiliwa nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi minne: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Mtoto alipofariki, mhojaji aliketi na mama yake. Homa ilianza lini? Alikuwa akikohoa? Mbavu zilikuwa zikibonyea akivuta pumzi? Aliharisha siku ngapi? Madaktari waliyasoma majibu hayo na kukadiria kilichomuua. Nimonia na kuhara ndizo zilizotangulia. Ukiingia kwenye chumba kimoja cha mabati ambamo familia nzima inapikia na kulala, ambako maji ni ya kununua kwa mtungi na choo ni cha ploti nzima, huhitaji kuelezwa zaidi. Zahanati peke yake haitayamaliza hayo.

Nakuomba, Mheshimiwa, ukubaliane na Shirika la Kitaifa la Takwimu kwamba katika KDHS ijayo mitaa ya mabanda iwe kundi linalojitegemea, lenye sampuli ya kutosha. Orodha ya maeneo nayo ihakikiwe upya uwanjani. Ile ya 2022 ilitokana na sensa ya 2019, na tangu hapo nyumba nyingi za kandokando ya mito kule Mathare na Mukuru zilibomolewa baada ya mafuriko ya 2024. Wenyewe wamehamia wapi?

Wahamasishaji wa afya ya jamii takriban 100,000, waliozinduliwa Septemba 2023, tayari wanabisha kwenye milango hiyo. Wafunzwe mahojiano yale ya mama aliyefiwa, na walipwe kwa kazi hiyo. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, humwuliza asiye na mshahara kuhusu nyumba, maji na choo ili ikadirie mchango wake. Wizara yako basi haina sababu ya kushindwa kuuliza ni watoto wa nani wanaokufa, na katika mtaa upi. Na majibu yakipatikana, yasomwe barazani Korogocho kabla ya kusomwa hotelini.

Wako,
Mkusanyaji wa takwimu za afya, Nairobi