Taa za nje, mvua na kifaa kinachoonewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ninalokutana nalo kila msimu wa mvua katika kazi yangu ya ufundi umeme wa majumbani. Mwenye nyumba hupiga simu akilalamika kwamba mvua ikinyesha umeme wa nyumba nzima hukatika, na kwamba fundi aliyetangulia amekwisha kubadilisha breka mara mbili bila mafanikio. Nikifika, aghalabu hukuta jua limewaka tangu asubuhi, umeme unawaka bila tatizo, na mwenye nyumba ananitazama kwa haya kama mtu aliyemwita daktari homa ikiwa imekwisha kushuka.

Kosa huanzia katika kuchanganya vifaa viwili vinavyokaa jirani ndani ya boksi moja. Kuna sakiti breka ya kawaida, ambayo kwa taa huwa ya ampia 6 au 10, na ambayo hukata umeme mkondo unapozidi kiwango hicho au panapotokea shoti. Kuna pia kikata mvujo, kile chenye kitufe kidogo cha kujaribia, ambacho hulinganisha mkondo unaokwenda kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro, na kukata mara kinapoona kuna unaopotelea njiani. Vingi vya majumbani ni vya miliampia 30, na kwa kawaida hukata mahali fulani kati ya miliampia 15 na 30. Miliampia 30 ni sehemu moja tu kati ya 200 za ampia 6, kwa hiyo maji yanaweza kuvujisha umeme kwenye nguzo ya taa mwaka mzima na breka isijue lolote. Fundi anayehamisha waya za taa za nje kutoka kwenye kikata mvujo na kuziunga kwenye breka pekee, ili “zisisumbue tena”, ameuacha mvujo palepale na kumwondoa mlinzi. Nimeyakuta haya katika nyumba nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Nitaeleza kazi moja ya karibuni. Bustani ilikuwa na taa sita za LED zilizofuatana kwenye kebo moja iliyofukiwa. Swali langu la kwanza lilikuwa kama umeme hukatika taa zikiwashwa tu, au hata swichi yake ikiwa imezimwa. Mwenye nyumba akajibu kwamba hukatika hata mchana, hasa pasi inapochomekwa. Jibu hilo lilinipunguzia kazi, kwa sababu swichi ya kawaida hukata waya wa moto peke yake, ilhali nyutro hubaki imeungwa mpaka taa ya mwisho. Nyutro ikigusana na ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, ndani ya udongo uliolowa, sehemu ya mkondo wa pasi, ambao ni mkubwa, hujirudia kupitia ardhini, na kikata mvujo hufanya kazi yake. Pasi husingiziwa, na nimeona pasi nzima ikitupwa kwa kosa hilo.

Nilizima umeme, nikahakikisha kwa testa niliyoijaribu kabla na baada kwamba hakuna waya ulio hai, kisha nikaifungua kebo katikati, kwenye taa ya tatu. Hapa ndipo wengi wanapojichosha, kwa kufungua taa moja baada ya nyingine kuanzia mlangoni, wakati ukigawa nusu kwa nusu huhitaji zaidi ya vipimo vitatu au vinne kwa taa sita. Nilipima kwa mega ya volti 500, kifaa kinachopima jinsi ganda la waya linavyozuia umeme kuvuja (namba kubwa ndiyo nzuri), kwa kuwa malitimita yenye betri ndogo huweza kuupitisha kuwa mzima waya ambao volti 230 zitauumbua. Waya wa moto na nyutro niliziunga pamoja nikapima dhidi ya ethi, ili volti hizo zisiunguze vifaa vya ndani ya taa. Nusu ya kwanza ilisoma zaidi ya megaohmu (ohmu milioni) 200. Nusu ya pili ilisoma megaohmu 0.04, wakati kiwango cha chini kinachokubalika ni 1. Kwa volti 230, ukinzani huo huvujisha takriban miliampia 6, kiasi ambacho hakitoshi kukata umeme, na ndiyo maana siku ile ya jua kila kitu kilionekana kizima.

Ubovu ulikuwa kati ya taa ya nne na ya tano. Tulichimba mpaka tukafikia kiungo ambacho hakuna aliyejua kwamba kipo: konekta ya plastiki, tepu iliyozungushwa kwa ukarimu, na juu yake mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Nilipoukata mfuko yalimwagika maji. Shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani na skrubu za konekta zilivunjika kwa kucha. Mfuko uliowekwa kuzuia maji ndio uliokuwa ukiyahifadhi.

Taa zenyewe nazo hunywa maji kwa namna isiyodhaniwa. Taa ikiwaka hupata joto na hewa ya ndani hutanuka na kutoka. Ikizimwa hupoa na kuvuta hewa yenye unyevu kupitia glandi isiyokazwa, yaani kibano kinachoziba pale kebo inapoingia. Alama ya IP65 humaanisha kwamba vumbi haliingii na kwamba taa huhimili maji ya kurushwa kwa mpira. Haimaanishi kwamba inaweza kukaa dimbwini, wala haihesabu tundu ambalo fundi amelitoboa upande wa juu. Kebo na iingie kwa chini.

Si kila hitilafu ni ya maji. Taa za bustani za volti 12 zikififia mwishoni mwa mstari, tazama kwanza unene wa waya: wati 60 kwa volti 12 ni ampia 5, na mita 20 za waya wa milimita 1.5 za mraba hula zaidi ya volti 2 kabla umeme haujafika. Nayo taa inayowaka na kuzima mfululizo jioni mara nyingi ina fotoseli, kile kihisi mwanga kinachoiwasha giza likiingia, inayomulikwa na taa hiyohiyo.

Kiungo kile nilikihamishia ndani ya kisanduku kilicho juu ya ardhi, na mega ikapanda kupita 150 kwa kebo nzima. Kukitafuta kulichukua nusu siku, kukitengeneza nusu saa, kwa kuwa aliyefukia kebo hakuacha mchoro wowote. Nimembandikia mwenye nyumba karatasi ndani ya mlango wa boksi la breka, yenye njia ya kebo, mahali pa kila kiungo, vipimo vya siku ile na tarehe. Anayejengewa nyumba sasa anaweza kumdai fundi wake karatasi kama hiyo kabla hajamlipa.

Wako,
Fundi umeme wa majumbani